Mama alinyamaza sekunde 9

Kwenye simu yangu kuna video ya dakika 6. Nimeitazama mara nyingi kuliko video yoyote niliyowahi kurekodi, hata za ubatizo wa wanangu.

Mama yangu amesimama mbele ya altare ya kigango chetu, kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, upande wa Sengerema, mkoani Mwanza, amevaa gauni la rangi ya maziwa ambalo alilikataa mara mbili kabla ya kulikubali. Baba yuko kuliani kwake, kavaa suti ya kaka yangu, mikono ya koti imemfunika hadi vidoleni. Wana miaka 43 pamoja, watoto 6, wajukuu 17. Paroko anauliza swali ambalo kila aliyewahi kuhudhuria ndoa analijua: mmekuja hapa kwa hiari yenu, bila kulazimishwa na mtu?

Baba anajibu "Ndiyo!" kwa sauti ya abiria anayeshuka kituo kinachofuata.

Mama ananyamaza.

Nimehesabu kwenye video, ni sekunde 9. Nje ya kanisa si kitu. Ndani ya kanisa, mbele ya watu mia mbili, ukiwa umeulizwa na padri, sekunde 9 zinatosha mtu kuanza kutoa jasho. Mtoto anakohoa. Bati linaalika kwa jua. Paroko anainua macho kutoka kwenye kitabu. Mama hamtazami paroko, wala hamtazami Baba. Amegeuza shingo kidogo kuelekea kwenye kamera.

Kwangu.

Kisha anasema, "Ndiyo, Baba," vigelegele vinapasuka, na picha inaanza kutikisika kwa sababu mkono wangu ulikuwa unatikisika.

Hiyo ilikuwa Agosti 2025. Swali la watoto mtakaojaliwa na Mungu paroko aliliruka, watu wakacheka, tukala wali na nyama, tukacheza hadi jenereta likaishiwa mafuta. Kila mtu aliondoka na furaha. Mimi niliondoka na sekunde 9.

Benchi la nyuma

Ukitaka kujua siri za kijiji cha Wakatoliki, usiende kwa balozi wa nyumba kumi. Kaa kanisani wakati wa komunyo, watu wanapokwenda mbele kupokea hostia, uangalie nani amebaki ameketi.

Mama alibaki ameketi utoto wangu wote. Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika na ufagio na ndoo. Vitambaa vya altare alivifua yeye, na kuvipiga pasi ya mkaa bila kuviacha na doa. Padri alipokuja kigangoni, mara moja kwa mwezi, kuku alichinjwa kwetu. Rozari ya Oktoba, jumuiya ya kila wiki, kitenge cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, vyote alikuwemo. Uongozi tu ndio hakupewa, maana kiongozi lazima awe anashiriki sakramenti.

Kwenye benchi lile, safu ya akina mama, la pili kutoka mwisho, walikuwa wawili. Mwenzake ni mke wa pili wa mzee mmoja pale kijijini. Jina lake silitaji, bado yupo, na nitamrudia. Mstari ulipoanza kwenda mbele, wote wawili walifanya jambo lile lile kwa pamoja kama waliofundishwa: walisogeza vikapu chini ya benchi na kupindisha magoti pembeni ili wengine wapite.

Siku ya Komunyo yangu ya kwanza nilikuwa na miaka 9, na soksi nyeupe za kuazima. Nilipita mbele ya magoti ya mama yangu kwenda kupokea. Aliniwekea sawa kola nilipokuwa napita.

Sisi watoto tulikuwa na maelezo yetu. Baba alimtorosha Mama mwaka 1982 kutoka ng'ambo ya pili, upande wa Bukumbi, wakavuka ghuba ya ziwa kutoka Kigongo kuja Busisi. Baadaye wazee wakakaa, wakakubaliana ng'ombe 12. Wakaenda 7. Watano hawakuwahi kwenda. Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa nyepesi: Baba hajamaliza mahari, ndoa haijabarikiwa kanisani, Mama haruhusiwi kupokea, anakaa benchi. Tulikua na kinyongo na Baba kwa sababu ya ng'ombe watano. Kaka yangu mkubwa aliwahi kumwambia hivyo usoni, akiwa amelewa, siku ya Krismasi. Baba hakujibu.

Nakumbuka kwamba hakujibu, na nakumbuka nilidhani ni aibu.

Safu tupu

Mnaojua taratibu mnajua kwamba huwezi kufunga ndoa bila cheti cha ubatizo kilichotolewa upya na parokia uliyobatizwa. Baba alibatizwa hapo hapo karibu. Cha Mama ilibidi nikifuate Bukumbi mwenyewe, Juni, kabla ya harusi.

Bukumbi ni pazee. Mapadri Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walifungua misheni pale mwaka 1883, walipotoka Uganda, na ukikaa kwenye uwanja wa kanisa unaelewa kwa nini Mama hutaja "kwetu" kwa sauti tofauti kidogo. Aliyekuwa ofisini alinifungulia daftari kubwa la mwaka 1961, jalada limekakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Vichwa vya safu viko kwa Kilatini, wino umegeuka kahawia. Akapitisha rula juu ya mstari wa Mama. Ubatizo, umejazwa. Komunyo, imejazwa. Kipaimara, kimejazwa na jina la askofu.

Safu ya mwisho, *Matrimonium*, yaani ndoa, tupu.

"Wakishafunga kule, paroko wao ataleta taarifa tuje tujaze hapa," alisema, akafunga daftari taratibu asije akaling'oa uti.

Nilitoka pale nimejaa hasira ya haki. Miaka 64 na mstari wa mama yangu haujakamilika! Tena hata Serikali ilishamtambua zamani: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawachukulia mume na mke, mnadhaniwa mmeoana hadi atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Ukoo ulimtambua. Wajukuu walimtambua. Imebaki safu moja tu kwenye daftari moja ng'ambo ya ghuba, na mimi ndiye nitakayeijaza.

Nilijiona shujaa kidogo, siwezi kuficha. Wiki ile ile daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa. Nikalichukulia kama ishara.

Tulichokuwa tunaogopa

Sasa niseme ukweli ambao kwenye kundi la WhatsApp la wanafamilia hatukuuandika.

Hatukuwa tunawaza Komunyo ya Mama. Tulikuwa tunawaza jeneza lake.

Mwaka juzi alifariki jirani yetu, mzee wa watu, ambaye naye alikuwa anaishi bila ndoa. Mwili haukuingia kanisani. Katekista alikuja nyumbani, akasali sala fupi chini ya mwembe, akaondoka. Watoto wake walikuwa wametoka Dar es Salaam na Dodoma na magari, wameshona sare, wamekodi muziki, na wote wakasimama pale chini ya mwembe wakitazama viatu vyao. Tuliporudi Mwanza, kaka yangu aliandika ujumbe saa 6 usiku: "Jamani, ya Mama isije ikawa hivi."

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mhazini akachaguliwa. Michango ikaanza. Kaka akanunua ng'ombe 5 mnadani, wakavushwa kwenda kwa wajomba, ambao wawili kati yao hawakukumbuka tena walikuwa wanadai wangapi. Fulana zikachapishwa. Matangazo yakasomwa Jumapili 3 mfululizo, yeyote anayejua kizuizi aseme, na akina mama wakacheka hadi wakajifuta machozi, maana kizuizi kingekuwa kipi zaidi ya wajukuu 17.

Mama tulimpigia simu kumweleza tarehe.

Kumweleza. Nimerudia kusoma ujumbe wetu wote wa kundi lile, zaidi ya miezi 4, nikitafuta mahali ambapo mmoja wetu alimuuliza. Kuna rangi ya gauni. Kuna idadi ya sahani. Kuna ubishi mrefu kuhusu keki.

Juu ya mwamba

Mwishoni mwa Septemba nilishindwa, nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi.

Nilimkuta kwenye jabali nyuma ya nyumba akianika michembe. Viazi alikuwa ameviacha vinyauke siku kadhaa ili maganda yatoke bila vita. Alikuwa anamenya, anakata vipande vyembamba kwa kisu kilicholika hadi kikawa kama mwezi mwandamo, anavipanga kimoja kimoja juu ya jiwe la moto. Alivyopanga asubuhi vilishaanza kukunja kingo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekuja na nani? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi kaa ugeuze vile vya kule."

Nikageuza vya kule. Tuliongelea bei ya dagaa, mvua, goti la Baba. Aliniambia lile gauni limemwasha shingoni mpaka leo. Jua likapanda. Mwishowe nikasema tu.

"Mama, siku ile padri alipouliza, ulinyamaza."

"Nilinyamaza wapi? Nilijibu."

"Ulijibu baadaye."

"Kwani kulikuwa na mtu ananifukuza?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha. Hakuwahi kuiona video ile. Aliitazama kwa mkono uliojaa utomvu wa viazi akiuweka mbali na kioo, akaitazama hadi pale anaposema ndiyo, akanirudishia simu. Akachukua kiazi kingine. Alikimenya chote. Akakikata chote.

"Ninyi mnadhani baba yenu ndiye aliyekataa," alisema.

Jina la 3

Mnaokumbuka Yubile Kuu ya Kanisa ya mwaka 2000 mnakumbuka jinsi ndoa zilivyobarikiwa kwa mafungu. Kigangoni kwetu orodha ilibandikwa mlangoni. Nilikuwa na miaka 14, na nakumbuka niliisoma nikitafuta majina ya wazazi wangu, sikuyaona. Nilirudi nyumbani nikamnunia Baba wiki nzima.

Yalikuwepo. Yalikuwa ya 3.

Kabla ya hapo Baba alikuwa visiwani miaka karibu 5, enzi za sangara, viwanda vya minofu vya Mwanza vikinunua kila kinachopumua. Alikuwa na mitumbwi miwili na, kama Mama alivyosema bila kubadilisha sauti, "na mji mwingine huko mwaloni", kule wavuvi wanakoshushia samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, bei ikaporomoka, visiwani kukakauka. Baba akarudi na redio na malaria. Mama akamuuguza. Alipopona akaenda mwenyewe kwa katekista kuandikisha ndoa. Kwa furaha kabisa. Alidhani anamletea zawadi.

"Nikaenda usiku kwa katekista," Mama akasema. "Nikamwambia, futa."

"Kwa sababu ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wale walikuwa wa babu yenu na wajomba zenu. Mimi wananihusu nini? Na padri gani uliwahi kumsikia anadai ng'ombe?"

Nilikaa kimya. Kwa kweli sikuwahi kumsikia.

"Ndoa ya kanisani haina mlango wa uani, mwanangu. Ukiingia, umeingia. Mtu ametoka kisiwani juzi, hata mguu haujakauka, mimi nifunge mlango kwa ajili yake? Nikasema hapana. Nikae naye, nimpikie, nimzalie, ila mlango niujue ulipo."

"Lakini hukutoka."

"Sikutoka. Yeye alijua naweza."

Akaniambia kwamba tangu mwaka ule Baba hajalala nje ya nyumba bila kusema anakwenda wapi. Alilisema kama mtu anayetaja bei nzuri aliyowahi kuuzia pamba.

Nikamuuliza kuhusu Komunyo. Hapo ndipo kisu kilisimama.

"Njaa nilikuwa nayo. Usiende kusema nilikuwa sina. Nilikomunika kwa tamaa kila Misa, rohoni tu bila kupokea, sala yake naijua kuliko padri. Alhamisi Kuu nilikuwa nafika nyumbani naingia jikoni kwenye moshi, ili mkiniona na machozi msiulize."

Alhamisi Kuu Mama alikuwa hataki msaada jikoni. Tulifurahi, tukaenda kucheza.

Aliyekuwa anatazamwa

"Sasa mbona safari hii ulikubali?"

"Mlishanunua ng'ombe. Mlishachapisha na fulana." Akacheka, kisha akanionyesha magoti yake kwa ncha ya kisu. "Na mlango wa uani sasa wa nini? Miguu yenyewe ndiyo hii."

Ningeishia hapo ningerudi Mwanza na kichekesho kizuri. Lakini niliuliza kwa nini alinitazama mimi.

Hakutaka kujibu. Alisimama, akaenda kufukuza kuku waliokuwa wanakaribia jabali, akarudi.

"Nilikukumbuka wewe. Padri alikuuliza hivyo hivyo. Ulijibu hata hajamaliza."

Ni kweli. Mwaka 2011, nilijibu hajamaliza. Kwenye mkanda wa harusi watu wanacheka. Cheti changu kiko kabatini, kimefungwa kwenye plastiki. Pete ninayo. Mume ana mwaka wa 4 sasa yuko mkoa mwingine, na mji mwingine, na mtoto ambaye nimemwona kwa picha. Sijawahi kuandika hili hapa, na sitaliandika tena. Kila Jumapili nakwenda kupokea, kwa sababu mimi sijavunja kitu, karatasi zangu zimenyooka. Mama, ambaye mume wake alirudi na akakaa, ndiye aliyebaki benchi miaka 43.

Mwaka 2000 Mama alikuwa na miaka 39. Mimi natimiza 39 mwezi ujao.

Sijui niiweke wapi hesabu hii. Kuna siku nadhani Mama alikuwa na akili kuliko sisi wote. Kuna siku nawaza jikoni, ule moshi, na naona bei aliyolipa ni kubwa mno kwa mlango ambao hakuutumia, na kwamba mtu mwenye imani kama yake alistahili mwanamume ambaye asingemlazimu kuchagua. Na kuna siku nawaza Baba siku ile ya Krismasi, akitukanwa na mwanae kwa ajili ya ng'ombe, akijua ukweli, na hakusema. Alimlinda nani? Mama? Au hakutaka watoto wajue kwamba aliomba akakataliwa?

Sijamuuliza. Ndugu zangu nao sijawaambia. Watasoma hapa kama wengine. Mama nilimwomba ruhusa. Alisema niandike, ila nisimtaje rafiki yake kwa jina, na niseme wazi kwamba gauni lilikuwa linawasha.

Jumapili

Nilibaki hadi Jumapili. Ilikuwa zamu ya padri kuja, kanisa limejaa hadi nje.

Mama hajahama benchi. Sasa angeweza kukaa mbele na akina mama wa uongozi, wameshamwita, lakini yuko pale pale, la pili kutoka mwisho, na mwenzake pembeni. Mwenzake hana tarehe ya kupangiwa. Mke mkubwa yupo hai na mzima, na hakuna wa kuombea vinginevyo.

Mstari ulipoanza, mwenzake akasogeza kikapu, akapindisha magoti. Mama akasimama, akamkabidhi kikapu chake na miwani, akapita. Nilikuwa nyuma yake watu watatu. Nilimwona akinyoosha mikono, wa kushoto juu ya wa kulia, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa viazi.

Tuliporudi tukapiga magoti. Nikasikia mwenzake anamnong'oneza kitu, Mama akamjibu, kisha mabega yao yote mawili yakaanza kutikisika, wamejiziba midomo kwa kanga. Katekista akawatolea macho. Hawakuacha.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza walikuwa wanacheka nini.

"Ameniuliza kama ladha ni ile ile."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni ile ile, ila wameipunguza unene."